Afande Aliyetufundisha Kukimbia

Kama ungepita mtaani kwetu asubuhi ukamkuta mwanamume mrefu amesimama katikati ya njia, mikono nyuma, akiwatazama bata wa jirani kana kwamba wamechelewa gwaride, usingekuwa na haja ya kuuliza. Huyo ndiye Afande. Jina la ubatizo alikuwa nalo, naamini, kwenye kitambulisho chake, lakini mimi nimekaa naye ua kwa ua miaka mingi na sikuwahi kulihitaji. Jeshini alitoka zamani sana. Nilipomfahamu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, kule Gisenyi mjini, mpakani na Kongo. Jioni alishuka kwa pikipiki, asubuhi akarudi na mkate mkononi, na kabla hajalala alizunguka mtaa mzima kuhakikisha tumeamka salama.

Mtaa wetu ulikuwa bondeni, karibu na soko la Mahoko, umebanwa kati ya barabara ya lami na mto Sebeya. Nasema ulikuwa, maana leo pale pamebaki mawe, matope yaliyokauka na migomba michache iliyoota yenyewe. Siku hizi watu wakimtaja Afande wanamtaja kwa jambo moja tu: yule mzee aliyewafundisha watu wake kukimbilia mtoni. Maneno hayo yananichoma. Hayana uongo ndani yake, na ndiyo maana yananichoma zaidi. Mto ulimchukulia mke na mjukuu, na tangu siku hiyo alikuwa na swali moja kwa binti yake Aline, aliyekuwa nao usiku ule: mulitoka nje kwa sababu yangu? Waliishi nyumba moja, wakala chungu kimoja, na yeye hakuuliza, wala Aline hakusema. Nami nilikuwa hapo kati yao na cherehani yangu, nikiwatazama wanavyokonda.

Basi ngoja nimseme alivyokuwa mzima, siyo kipande.

Sisi sote alituita raia. Alikuwa amekulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kifupi, kikali, kisichojua tafadhali. "We raia, mbona mlango iko wazi?" "We raia, hii moto yako itaunguza nani?" Mimi ni mtoto wa mjini, nimezaliwa kwa Waislamu wa Gisenyi ambao Kiswahili tumekinyonya pamoja na maziwa, nikawa namcheka waziwazi. Siku moja nilimwambia, "Afande, hapa si kambini, hapa ni kwa watu." Akanijibu bila kucheka, "Kwa watu ndiyo kubaya zaidi. Kambini kila mutu anajua atalala wapi." Akaenda zake kumkemea mtoto aliyekuwa anachezea bomba la maji.

Lakini mtu huyohuyo aliyempigia kelele kila mtu, nyumbani kwake hakuwa na cheo. Mkewe, Mama Aline, alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, na humo ndani yeye ndiye aliyekuwa jenerali. Nimemwona Afande kwa macho yangu haya akifua vitenge vya mkewe, akivikung'uta, akivianika kamba nzima bila hata kimoja kupinda. Huku kwetu mwanamume akimfulia mke nguo watu hunong'ona kwamba amelishwa kitu. Wakanong'ona. Alipowasikia, kesho yake alianika na sidiria, upande wa njia kabisa, kisha akasimama kando yake mikono nyuma. Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Alifuga sungura, na hakuweza kuwachinja. Sikukuu ikifika Mama Aline alimtuma sokoni kununua kitu ambacho hakihitajiki, na huku nyuma kazi inafanyika. Akirudi anakula, tena anakula vizuri, ila haulizi. Na aliogopa maji. Mtu aliyepita mapori na risasi, akafanya kazi kila usiku hatua chache kutoka ziwani, hakuwahi kutia hata kidole cha mguu katika ziwa lile. Alisema maji hayana adabu, huwezi kuyaambia simama yakasimama. Sebeya lakini hakuuhesabu. Kwake Sebeya ulikuwa mtaro mkorofi, basi. Na sisi tuliuona hivyohivyo. Wakati wa mvua uliingia jikoni kwa walio karibu nao, wakauzoa kwa ndoo, wakaanika magodoro, wakalilia maharage yao yaliyooza shambani, na maisha yakaendelea.

Kilichomtisha yeye kilikuwa mlima. Mwaka ule volkano ya upande wa Kongo ilipolipuka, anga la Goma likawa jekundu, watu wakavuka mpaka na magodoro kichwani, sisi wa huku tulidhani shida ni ya wenzetu. Kumbe yetu ilikuwa njiani, inapitia chini. Ardhi ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka tukinywa chai, ikatetemeka tukipika, ikatetemeka mtu yuko chooni amechuchumaa. Mjini nyufa zikapasua majengo ya watu wenye pesa zao. Mtaani kwetu muuza viazi mmoja aliangukiwa na ukuta wa jiko akavunjika nyonga. Nyumba zetu wenyewe, za matofali ya udongo, tukaziogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa wake aliyeanza kuuma.

Hapo ndipo Afande alipopata jeshi lake. Alitukusanya akatuambia kwamba ukuta ndio unaoua. Kwa hiyo ardhi ikitikisika mutu asiulize, asivae, asibebe kitu. Atoke, aende mahali pasipo na ukuta, wala mti mkubwa, wala waya wa umeme. Na mahali pa namna hiyo mtaani kwetu hapakuwa pengine ila uwanja wa mpira, kule chini kando ya mto. Ulikuwa mpana, tambarare, una majani mafupi. Tulilala pale kwenye mikeka siku zote za matetemeko, watoto katikati, na Afande, aliyeomba ruhusa kazini, akituzunguka na tochi. Nitasema ukweli, ilikuwa karibu raha. Tulipika chungu kimoja, tukasimuliana uongo, walionuniana wakapatana. Nyumba kadhaa zilianguka na hakufa hata mmoja wetu. Hakuna aliyesema ni bahati. Tulisema ni Afande.

Matetemeko yakaisha, yeye hakuisha. Kila mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, tukiwa bado na majembe mikononi na hamu ya chai kooni, alipuliza filimbi. Tunaingia majumbani, anapuliza tena, tunatoka mbio hadi uwanjani. Mama Aline ndiye aliyemwaibisha kila mara, maana alitoka na sufuria.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kupikia. Kwani huko uwanjani hatutakula?"

Mtaa mzima unacheka, naye amekunja uso. Ndipo alipozua msemo wake ambao watoto waliuimba hata njiani kwenda shule: aliye hai atanunua sahani ingine, acha sahani. Tulimchoka, lakini tulikimbia. Hata aliyekuwa mlevi wa mtaa alijifunza njia ya uwanjani, na gizani angeweza kuifuata vizuri kuliko njia ya kwake.

Askari wake hodari alikuwa mjukuu wake Teta, mtoto wa kwanza wa Aline. Alikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka, na alifika uwanjani kabla filimbi haijanyamaza. Alisimama wima akapiga saluti. Babu yake alimrudishia saluti kwa uso mkavu, kisha akageuka ili tusione anavyotabasamu. Baba yake Teta alikwenda Kigali kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine, kwa hiyo Aline alikuwa amerudi kwa wazazi wake na mtoto huyo, na baadaye akazaa wa pili, Ineza. Afande ndiye aliyekuwa baba wa wote hao.

Na mimi? Mimi nilikuwa mkaidi wa mtaa. Mguu wangu wa kushoto una kasoro tangu utotoni, na juu ya mguu nina kichwa kigumu. Filimbi ikilia mimi niko kwenye cherehani. Anakuja mlangoni, kivuli chake kinanifunika kitambaa. "We raia, umekufa. Ukuta umekuangukia." Namjibu, "Bon, basi nizike na cherehani yangu, maana niko na sare za watoto za kumaliza." Alinisema mbele za watu kwamba mimi ndiye nitakayewapa wenzangu kazi ya kuchimba. Alikasirika kwelikweli, na mimi nilipenda kumkasirisha.

Mvua iliyotuvunja haikuja na kishindo. Ilianza jioni, mwezi wa tano, mvua kama mvua nyingine. Afande alivaa koti lake, akapanda pikipiki akaenda kazini. Kule juu milimani, upande wa Gishwati, ilikuwa inanyesha kwa namna yake, nasi bondeni hatukujua. Gizani nikahisi kitanda kinatikisika. Kulikuwa na ngurumo, lakini haikutoka mbinguni, ilitoka chini ya sakafu. Leo najua yalikuwa mawe. Mto ulikuwa unasukuma mawe makubwa kama ng'ombe, yakigongana ndani ya maji, na ardhi yote ikitetemeka kwa ajili yake. Usiku ule hakuna aliyelijua hilo. Mtu yeyote wa huku aliyepitia ule mwaka wa volkano, ardhi ikimtikisa usingizini, anajua kitu kimoja tu cha kufanya. Nilisikia milango ikifunguliwa. Nilisikia sauti ya Teta ikipita dirishani kwangu, "Acha sahani, Bibi, acha sahani." Nikageuka upande wa pili, nikajisemea, wacha waende walowe, mimi na mguu wangu tunalala.

Maji yaliingia kwangu hadi kiunoni. Nilipanda juu ya meza ya kukatia nguo nikakaa hapo hadi kukapambazuka, nikiangalia vitambaa vya watu vikizunguka chumbani. Kuta zilishika. Upande wetu karibu nyumba zote zilishika, ndilo jambo ambalo hadi leo siwezi kulitamka bila kukaa chini. Kulipokucha nilichungulia kule uwanjani. Hapakuwa na uwanja. Palikuwa na mto.

Afande alifika asubuhi kwa miguu, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, matope yamemfika mapajani. Nilikuwa nimekaa nje juu ya tofali. Alinipita bila kuniona, akaenda moja kwa moja kwake. Mlango ulikuwa wazi. Nikamfuata nikichechemea, nikasimama nyuma yake. Ndani maji yalikuwa yamepungua, yameacha mstari wa matope ukutani, chini ya dirisha. Picha ya harusi ilikuwa bado imening'inia. Na juu ya rafu sufuria za Mama Aline zilikuwa zimepangwa, kavu, zote. Miaka yote ile ya mazoezi mkewe hakuwahi kutoka bila sufuria, na usiku ule alimtii. Nilimwona akizitazama zile sufuria, nikajua ameelewa kabla hajaambiwa na mtu.

Aline walimkuta kwenye mti wa avoka, Ineza amefungwa mgongoni, wote wawili wamekauka kwa baridi lakini wazima. Mama Aline alipatikana chini huko, upande wa Nyundo. Teta walimpata siku iliyofuata. Tuliwazika pamoja na watu wengine wa bonde letu, mvua ikiwa bado inadondoka, na kila mtu amevaa nguo isiyo yake.

Matanga tulikaa katika darasa la shule, kwani hata nyumba zilizosimama zilikuwa zimejaa matope. Kwa desturi ya huku watu hukaa kwa mfiwa, moto unawashwa uani, majirani wanakuja na maharage na kinywaji, na wiki ikiisha kuna siku ya kumaliza. Siku hiyo yule aliyekuwa na marehemu mwishoni husimama akaeleza, alisema nini, alikwendaje. Bila maelezo hayo wafiwa hubaki wananing'inia. Safari hii majirani wote walikuwa wafiwa, na sikujua nani amfariji nani. Siku ya kumaliza ilipofika, mzee mmoja wa mtaa, mwenye nia njema kabisa, alisimama akasema, "Walitoka vizuri, Afande. Walienda uwanjani, vile vile ulitufundisha." Alitaka kumsifu. Kisha ikawa zamu ya Aline. Alisimama na mtoto kifuani, akafungua mdomo, akatikisa kichwa, akakaa. Wanawake wakasema mwacheni. Afande hakulia. Huku husema machozi ya mwanamume humiminikia tumboni, na mimi niliyemtazama usoni naona ya kwake yalikuwa yamefika kooni.

Tulikaa shuleni pale muda mrefu. Mtu akisikia neno mafuriko anafikiri maji, lakini maji yalikaa siku chache tu. Kilichokaa ni mengine. Familia moja na nyingine zikitenganishwa na kitenge kilichotundikwa, mume na mke hawawezi kugombana wala kupatana, kila neno linasikika. Watoto wakubwa walianza tena kukojoa kitandani, na kitanda chenyewe hakipo. Wanafunzi walisoma kwa zamu chini ya turubai kwa sababu madarasa tulikuwa tumeyalalia sisi. Wakulima walikaa wanatazama mikono yao, mashamba yamefunikwa mawe. Nguo hata ukizifua zilinuka tope. Mvua ikigonga bati, watu wote wanakatiza maneno, kijiko kinabaki hewani, hadi ipite. Mimi niliisafisha cherehani yangu, nikaitia mafuta, nikashona sare kwa vitambaa vya msaada, na nilipofika saizi ya Teta mkono wangu ulikataa, nikampa mwenzangu aimalizie.

Afande aliacha kutuita raia. Hakumkemea mtu tena. Watoto walichezea maji, milango ikabaki wazi, naye akapita. Ile filimbi sikuiona tena shingoni mwake, na sikuuliza. Siku moja alikuja akakaa karibu na cherehani yangu, akasema polepole, "Mama Zuhura, usiku ule we ulifanya nini?"

"Nilibaki ndani, Afande."

"Ulisikia ikitikisika?"

"Nilisikia."

"Na hukutoka."

"Mi sikutoka."

Akaitikia kwa kichwa. "Ulifanya vizuri," akasema, akanyanyuka. Nilimchukia kwa neno hilo. Ningependa anitukane, aniite mkaidi, aniambie nimekufa. Tangu lini yeye akanipongeza?

Baada ya hapo alianza kuzunguka nyumba zilizobaki zimesimama. Anaingia, anaweka kiganja kwenye mstari wa matope ukutani, anatazama meza, anatazama kitanda, anatoka. Kwenye kila nyumba aliona kile kile, kwamba mtu aliyepanda juu ya meza angepona. Kuna mama mmoja aliyempoteza mume uwanjani pale, akawa akimwona Afande anageuza njia. Afande akajifunza nyakati zake za kwenda kuteka maji, na saa hizo hakutoka, asimpe kazi ya kugeuka. Serikali ilipopiga alama nyekundu kwenye nyumba zote za bondeni kwamba zibomolewe, watu hawapaswi kuishi tena pale, wengi walilia na kubembeleza. Yeye alikwenda na nyundo akaibomoa ya kwake mwenyewe, ukuta kwa ukuta, ile nyumba iliyokataa kuanguka. Ilimchukua siku nzima, naye hakutaka msaada.

Tukahamishiwa juu mlimani, kwenye nyumba mpya za bati jipya, mbali na soko, mbali na maji. Kazi ya ulinzi aliacha. Umuganda ulipoitishwa wa kupanda mianzi kando ya Sebeya, ili kuzuia kingo zisimong'onyoke, alikuwa wa kwanza kufika. Mtu aliyeogopa maji aliingia mtoni hadi magotini, akashindilia mche kwa mche. Wenzake walimwambia atoke apumzike, akajifanya hasikii.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya kwa namna ya kimya. Aline alimwekea chakula kwenye bakuli, akalifunika. Yeye alikula, akasema asante. Walizungumza kuhusu chumvi, kuni, kikohozi cha Ineza. Mvua ikinyesha Aline hakulala. Alikaa kitandani amevaa viatu, mtoto mapajani. Na upande wa pili wa ukuta, Aline mwenyewe ndiye aliyenieleza, alimsikia baba yake naye amekaa, anapumua. Nilimwuliza kwa nini hamwambii yaliyotokea, hata kama ni machungu. Akaniambia, "Akiniuliza nitasema, Mama Zuhura. Hajaniuliza." Nikaenda kwa Afande nikamwuliza hivyohivyo. Naye akasema, "Akitaka kusema atasema. Basi mi ningoje." Niliwagombeza wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Haikusaidia kitu.

Mwaka huu Ineza ameanza shule. Nilikwenda kwao asubuhi moja kumpima sare yake ya kwanza, maana nilisema mtoto huyo hatavaa ya kununua nami nikiwa hai. Afande alikuwa amekaa kwenye benchi sebuleni, amezeeka kuliko umri wake, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Aline alikuwa jikoni anaosha viazi. Nilikuwa nimeshampima mtoto kiuno, ndiyo nahamia mabegani, vikombe vikaanza kugonga mezani.

Lilikuwa tetemeko dogo, la kawaida ya huku. Nje tulisikia majirani wakitoka mbio. Mimi nilimshika mtoto. Ineza akamgeukia babu yake, kwa sababu mtoto humgeukia mkubwa, akauliza, "Babu, tutoke?"

Afande alifungua mdomo. Nimemjua mtu huyu akitoa amri kwa bata, kwa walevi, kwa padri mara moja. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akamtazama mtoto, akatazama mlango, akatazama ukuta, mikono imeshika benchi. Aline akatokea jikoni na mikono yenye maji, akasimama hapo. Vikombe vikanyamaza. Likawa limepita.

Kisha wakazungumza. Walizungumza Kinyarwanda, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili changu.

"Aline," alisema, bila kumwangalia. "Usiku ule mulitoka kwa sababu yangu?"

Aline alifuta mikono kwenye kitenge chake, kidole kwa kidole. Akaja akakaa mwisho wa benchi.

"Ndiyo, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. "Nimewaza siku zote kwamba kama ningekuwepo ningewaokoa," akasema. "Ni uongo. Kama ningekuwepo ningewapeleka uwanjani mimi mwenyewe. Ningewashika mikono."

"Najua. Hata Mama alijua. Mimi nilikuwa nalia, naogopa lile giza na ile ngurumo. Mama akaniambia, unalilia nini, baba yako alishatuonyesha njia. Hakuogopa, Baba. Teta alikuwa amevaa viatu vyangu kwa makosa, vinamchapa visigino, anaanguka, anainuka. Mama akawa anamcheka." Aline alikikunja kitenge mapajani. "Maji yalitukuta tunacheka. Hilo ndilo sikuweza kulisema mbele ya watu."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

Afande alifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, sauti mbaya ambayo haikuwa imetumika, na Aline akasogea kwenye benchi hadi bega lake likagusa la baba yake. Ineza aliniangalia kuona kama naye alie. Nilikuwa sijamaliza mabega yake, lakini nilimshika mkono nikatoka naye nje. Majirani walikuwa bado wamesimama njiani. Mmoja akaniuliza ni nani anayelia hivyo humo ndani, kwani kuna aliyeumia? Nikamwambia ni Afande, mwacheni, anamlilia mke wake.